Mashine Iliyoogopa Wanajeshi

Katika vita ile ya pili, Bukavu ilipobadilisha wakubwa bila kubadilisha mashimo ya barabara zake, mimi nilikuwa mtu muhimu sana. Nilisoma informatique miaka mitatu na katika miaka hiyo niligusa kompyuta labda mara kumi. Ofisi ya kutafuta ndugu waliopotezana, iliyokuwa katika chumba kimoja nyuma ya parokia, ikanikabidhi kompyuta yake ya pekee, ambayo virusi vilikuwa vimeishaimaliza. Nikafuta kila kitu, nikaweka Linux kutoka kwenye sidii alizoleta padri mmoja aliyetoka likizo Ulaya, nikatangaza mbele ya watu wote kwamba mfumo huu haugandi kamwe.

Siku ya tatu ukaganda. Kishale hakisogei, saa ya kwenye kona imesimama, ukibonyeza kibodi hakuna jibu. Nilizima na kuwasha. Mashine ikachukua karibu saa nzima kukagua diski yake, ikafunguka, na alasiri ikaganda tena.

Wa kuumia hakuwa mimi, ingawa nilijihurumia sana. Kwenye benchi karibu na mlango alikaa baba mmoja kutoka Sange, kofia magotini. Watu walipokimbia risasi alipotezana na binti yake wa miaka tisa. Parokia zilikuwa zimetuletea madaftari saba ya watoto waliookotwa njiani na majina ya waliowapokea, na maman sekretari alikuwa akiyaingiza kwenye mashine. Siku ya kwanza yule baba aliomba tu tufungue madaftari tutafute.

"Hapana, papa," nikamwambia. "Tukimaliza kuandika, mashini itakuambia mara moja."

Neno hilo lilinipendeza nikalirudia. Kila asubuhi alifika kabla yetu, akaniuliza kwa adabu, "Mutoto wangu, mashini imeisha kuamuka?" Nami kila asubuhi nilimjibu kwa Kifaransa kingi zaidi kuliko jana.

Nikaanza uchunguzi. Nilishuku umeme wa bwawa la Ruzizi unaopanda na kushuka, nikaazima régulateur ya parokia ya kuutuliza. Ikaganda. Nilichomoa kipande cha kumbukumbu, nikakisugua meno yake kwa gomu ya mwanafunzi ya kufutia, nikakirudisha. Ikaganda. Niling'oa kadi ya sauti, nikazima picha zote nzuri, nikabaki na maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Ikaganda kwa maandishi meupe. Nilisoma hata kumbukumbu ambamo Linux huandika kila kinachoipata; mstari wa mwisho ulikuwa wa kawaida kabisa, kama mtu aliyenyamaza katikati ya salamu. Kila ikiganda, maman sekretari alipoteza majina ambayo hakuwa ameyahifadhi, akayaanza upya bila kunung'unika. Mimi ndiye niliyenung'unika, tena nilimshuku yeye, nikamuuliza mbele ya wageni alikuwa anabonyeza nini.

Ndipo nikafungua daftari la kuandika saa ya kila mgando. Hazikufuata mpango wowote. Asubuhi, adhuhuri, mara mbili kwa siku, kisha siku nzima salama. Kwa kukata tamaa nikaazima daftari la wageni la sentinelle wetu, mlinzi wa pale getini, nikayaweka mawili sambamba. Kila mashine ilipoganda, nusu saa kabla yake wanajeshi walikuwa wametutembelea.

Nilimwandikia mkurugenzi kurasa mbili zenye vichwa vya habari, kueleza kwamba mawimbi ya simu za upepo za wanajeshi yanashambulia mfumo. Mkurugenzi alizisoma, akaniuliza kama nataka yeye aende kuwaambia. Ofisini watu waliridhika na maelezo mafupi zaidi: mashine inaogopa wanajeshi, na hapo haina tofauti na sisi.

Lazima nieleze ziara hizo zilikuwaje. Wanajeshi walikuja kusalimia, na wakimaliza kusalimia redio ilikuwa imeondoka nao. Kwa hiyo sentinelle akiwaona alipaza sauti, "Karibu, mon capitaine!" hata kama ni koplo, maana cheo cha bure hakikasirishi mtu. Sisi ndani tulikuwa na dakika moja. Kioo tulikigeuza ukutani. Lile sanduku la mashine, maman sekretari alilifunika blanketi nzito ya sufu, juu akaweka gunia na kapu la mihogo, likaonekana mizigo ya wakimbizi. Hatukuizima. Mimi mwenyewe nilikataza, kwa sababu ya kuchelewa kwake kuamka. Na wageni wakiondoka tuliiacha hivyo mpaka moyo utulie, maana mara nyingi walirudi kuchukua kitu alichosahau mmoja wao.

Siku ya kumi, baada ya ziara, maman sekretari alinyanyua blanketi, akarudisha mkono haraka.

"Ingénieur, hii kitu iko inachoma. Nilikuambia siku ya kwanza."

Kweli aliniambia. Nilimjibu kwamba ni kawaida. Nikagusa, nikaungua, nikakaa chini palepale sakafuni. Tulikuwa tunaipika.

Tuliitengenezea kasha la sabuni lisilo na mgongo, mihogo ikabaki juu yake na hewa ikapita nyuma. Haikuganda tena. Siku iliyofuata majina yaliisha, nikaandika Sange, nikabonyeza, na kabla sijaondoa kidole mstari ukatokea: msichana, miaka tisa, jina la baba. Yuko kwa mama mmoja muuza maharage, Kavumu.

Niligeuka kupokea pongezi. Yule baba alikuwa amesimama.

"Kavumu ya huku, ya kiwanja cha avion?"

"Ndiyo, papa. Unajua, shida ilikuwa tu joto, maana blanketi..."

"Kwa mguu ni siku moja," akasema taratibu, akavaa kofia, akatoka. Nilikuwa bado naeleza blanketi.

Wiki iliyofuata yule mama muuza maharage alikuja ofisini kutia sahihi kwamba amemkabidhi mtoto kwa mzazi wake. Alimsifu sana baba huyo, mtu mpole. Alitusimulia kwamba mtoto alilia kwanza, kisha akakasirika, akamuuliza baba yake kwa nini alichelewa hivyo, na baba akamjibu kwamba barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita. Maman sekretari aliniangalia, akaangalia kibodi. Siku zile kumi na moja zote alizosubiri kwenye benchi letu, barabara ya Kavumu ilikuwa wazi.