Kitalu Changu cha Vitunguu pale Ngaramtoni

Kuna akina mama wa Ngaramtoni ambao mpaka leo wakinikuta sokoni hunusa vidole vyao kwanza ndipo wanisalimie, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu aibu ile niliitafuta mwenyewe, tena kwa bidii, nikaimwagilia maji asubuhi na jioni.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya watu binafsi yamefunguliwa kila mahali na mbegu za bustani zikaanza kuuzwa kwenye vikopo vyenye picha nzuri kuliko mboga zenyewe. Mimi nilikuwa natangatanga. Shule niliiacha mapema, nikafanya kazi gereji Sakina, nikauza ndizi kule Maji ya Chai, nikachoka, nikapanda huku juu ya Ngaramtoni, na mama mmoja Mwarusha, Mama Lomayani, akanipokea nimsaidie ng'ombe na bustani. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa usharika.

Mwaka wa kwanza alinunua kopo la mbegu za vitunguu, tukasia, likabaki karibu nusu. Akataka kumpa jirani. Nikamwambia asigawe, anipe mimi nitazitunza mpaka msimu ujao, mbegu ni mbegu. (Hapo kama ningefunga mdomo, maisha yangu yangekuwa mengine.)

Sasa nizitunze wapi? Niliangalia wenyeji wanavyofanya. Mahindi ya mbegu yalikaa darini juu ya jiko, moshi unayapiga, mdudu hagusi, na msimu ukifika yanaota yote. Nikasema kama moshi unafaa mahindi, kitunguu ni nani? Nikalipachika kopo pale pale juu ya mafiga, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka kujua, kila nilipopata nafasi nilipanda kulifungua nione mbegu zinaendeleaje, kana kwamba zingeniambia, na mfuniko ukalegea, na mvuke wa makande ukawa unaingia humo kila siku ya Mungu.

Masika ya mwaka uliofuata yakaisha, na kikundi kikaamua kulima vitunguu kwa pamoja. Akina mama wakataka kuchanga wanunue mbegu. Nikasimama mbele yao (sikuitwa) nikasema zipo, nimezitunza mwenyewe. Mama Lomayani alifurahi, akawaambia wasinunue mbegu, akaniahidi mbele ya wote kwamba miche ikitoka vizuri, kile kipembe cha shamba kando ya mfereji atanipa nilime changu. Mimi, ambaye sikuwahi kuwa hata na mahali pa kuchomeka fimbo nikasema hapa ni pangu. Usiku ule nililala nikipanga nitakachopanda.

Nikaandaa kitalu, samadi iliyooza vizuri, nikasia kwa mistari, nikafunika na majani makavu. Siku zikapita, kimya. Kisha mvua ndogo ikanyesha, na asubuhi moja nikaona kijani chembamba, kimesimama wima kama sindano. Nikaita watu. Kuanzia hapo nilipalilia kitalu kile kama mtu anayenyonyoa kuku, kila chenye jani pana niling'oa, chembamba nikakiacha. Nilipoona vingine vimeota nje ya mistari nilisema maji yamesogeza mbegu. Mtu akitaka kuamini hakosi sababu.

Jumapili moja baada ya ibada kikundi chote kikaja kuangalia miche kabla ya kuihamishia shambani, wamevaa nguo za kanisani. Matuta yalikuwa tayari na zamu yetu ya maji ya mfereji ilikuwa wiki ile. Nikawapokea, nikawaamkia wakubwa shikamoo, nikaanza kueleza juu ya samadi. Kulikuwa na bibi mmoja tuliyemwita Koko, ndivyo Waarusha wanavyomwita bibi. Hakusikiliza maelezo. Akainama, akang'oa mche mmoja, akausugua kwa vidole, akanusa, akampa wa pili naye anuse, ukazunguka hivyo kundi zima.

"Mwanangu," Koko akasema, "kitunguu hata kikiwa kichanga kinanuka. Huyu ni mtoto wa nani?"

Nikajibu kwamba ni aina mpya, ya kisasa, harufu huja baadaye.

Basi akang'oa mingine ya kujaa kiganja akampelekea ndama aliyefungwa kando ya uzio. Ndama akala, akanyoosha shingo kuomba tena.

"Lete na ndoo," mama mmoja akasema. "Tumlishe kitalu chote."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini na gauni lake jeupe. Ila Mama Lomayani hakucheka. Ndiye aliyewakataza kununua mbegu.

"Lazaro, umemwagilia majani mwezi mzima?" akaniuliza, taratibu. "Na mimi nimekuita mkulima mbele ya watu."

Nilishuka Sakina kwa miguu kumuuliza muuza mbegu. Akaniambia mbegu ni kitu hai kilicholala, joto na unyevu huimaliza, na kitunguu ndicho chepesi kufa kuliko vyote, ukikiweka ovyo hata mwaka hakifiki, wakati nyanya na kabichi zikikaa pakavu, penye ubaridi na pamefungwa, huvumilia miaka kadhaa. Akaniambia pia mbegu za mwaka jana hujaribiwa kwanza kwenye kitambaa chenye unyevu, uone ngapi zinachipua.

Nilirudi na elimu hiyo nikakuta haihitajiki. Mama Lomayani alikuwa ameshatoa chini ya kitanda chupa ya dawa ya kikohozi iliyofungwa kizibo, ndani mna mbegu za kabichi za zamani kuliko ujio wangu, na kikundi kikasia hizo, zikaota karibu zote.

Kipembe cha kando ya mfereji akapewa Koko. Akapanda vitunguu. Matuta nilimchimbia mimi, yote, lakini siku ya kusia alinituma nikachunge ndama. Tangu hapo sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba mbegu zipo mpaka nizione zimechipua kwenye kitambaa, na nikiziona, bado nanusa.