Sanduku la Taa za Kioo

Ulikuwa ule mwaka tuliokula mbaazi bila mahindi. Mvua za El Nino zilikuwa zimeozesha mashamba, jua likaja kumalizia, na Karatu nzima ikanuka mbaazi za kuchemsha. Asubuhi mbaazi, jioni mbaazi. Hata kuku walizichoka.

Ndipo Jumatano moja mwalimu wa kwaya akaingia kwangu, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akaniambia mjukuu wangu hajui gitaa.

"Bibi, binti anakwaruza. Kwaya ikipaza, naye akiongeza sauti, gitaa linalia kama bati linaburutwa. Wiki ijayo tunakwenda kwenye mashindano Arusha. Tutachukua amplifaya yako, atapiga yule kijana wa kule Ganako."

Mjukuu alikuwa anachambua mbaazi. Mkono ukasimama ndani ya ungo.

Mimi niliishia darasa la pili, lakini masikio hayadai cheti. Mtoto yule alifundishwa gitaa na babu yake, marehemu mume wangu, mpaka vidole vikaota sugu. Amplifaya ilikuwa ya babu huyo huyo, sanduku zito linalokuza sauti kwa taa za kioo zilizo ndani. Nikamjibu mwalimu: "Sanduku hili halipandi gari bila mjukuu wangu."

"Basi lisikwaruze. Jumapili nitasikiliza. Likikwaruza, binti atampisha kijana."

Kesho yake tulilifunga kwenye baiskeli, mjukuu akabeba gitaa, tukalisukuma mpaka kwa fundi redio, Mchaga mwenye kibanda nyuma ya soko. Akafungua mgongo wa sanduku, akakohoa.

"Bibi, hii ni amplifaya au jiko?"

Masizi! Nikaona aibu. Tangu mume wangu afariki, kila likirudi kutoka kwaya nililiweka darini juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu na vibuyu vya maziwa. Kwetu kitu unachokipenda unakiweka kwenye moshi, wadudu wasikile.

"Mbegu inapenda moshi," fundi akasema. "Umeme haupendi."

Nikanyoosha mkono nifute kwa khanga. Akanidaka kiganja, akanibana mpaka nikaumia.

"Usiguse! Limechomolewa, ndiyo, lakini umeme bado umelala ndani. Unaua."

Akagusisha waya wake ndani kuutoa umeme ule, ukalia pa! na cheche ya buluu. Nikarudi nyuma hatua tatu. Mjukuu akacheka peke yake, kicheko cha woga.

Fundi alisafisha, akawasha, mjukuu akapiga. Polepole, sauti nzuri. Akiongeza, bati lile lile. Fundi akakuna kichwa.

"Taa ya kwanza inasukuma mno. Zinazofuata zinajaa mapema, sauti inakosa pa kukaa, inapasuka."

"Sasa hilo nalo ni la kukuna kichwa?" nikamwambia. "Kibuyu ukikijaza mpaka shingoni huwezi kusukasuka maziwa. Lazima uache nafasi."

"Hivyo hivyo, bibi! Nitaweka taa ya kwanza isiyosukuma sana. Na kapasita kubwa zaidi za kuhifadhi umeme, zile taa kubwa zisiishiwe pumzi gitaa likigongwa." Akashika koleo, akasita. "Ila nikikata hapa, ile sauti ya mzee wako haitarudi kama ilivyokuwa."

Nikalitazama lile koleo. Mume wangu alipopiga kwenye harusi, mwisho wa wimbo gitaa lilikuwa na ukwaruzo kidogo, kama sauti ya mtu aliyetoka kulia. Ukwaruzo ule ndio ulionifanya nikubali posa yake.

"Bibi, tuliache," mjukuu akasema. "Nitaimba tu."

"Funga mdomo. Fundi, kata."

Akakata. Taa ya kuweka alikuwa nayo moja tu, ameitoa kwenye redio mbovu ya zamani, na ikivunjika hapa Karatu hupati nyingine. Jasho lilimtoka puani akiipachika. Akawasha. Tukasubiri. Taa kubwa zikawa nyekundu taratibu. Ya kwanza, giza.

Fundi akazima, akaichomoa, akapuliza tundu zake. Masizi yangu yalikuwa bado yamejificha mle. Akapachika tena. Kikatokea chembe cha moto ndani ya kioo, kikakua.

Mjukuu akapiga, akaongeza, akaongeza tena. Sauti ikatoka kama maji ya kijito mwezi wa sita, unaona kila jiwe. Ya mume wangu haikuwemo. Nilijifuta macho kwa khanga, kumbe ilishashika masizi ya sanduku, nikatoka sokoni uso mweusi kama chungu.

Jumapili jenereta ilinguruma nje ya kanisa. Mwalimu akasimama sikio karibu na sanduku, anaashiria kwa kidole: juu. Kwaya ikapaza. Juu tena. Mjukuu alikuwa ameuma mdomo. Sanduku halikupasua hata sauti moja.

Baada ya ibada mwalimu akanifuata, meno yote nje. "Bibi, sasa ni safi! Kijana wa Ganako atafurahi sana. Unajua safari ya lori ni ngumu kwa msichana, na sauti ikiwa safi hivi, yeyote—"

Sikumngoja amalize. Nilikalia lile sanduku palepale mlangoni pa kanisa, waumini wakipita.

"Sanduku hili halipandi gari bila mjukuu wangu."