Mama Alipokataa Maji ya Bomba

Kaka yangu alizaliwa na miguu iliyonyooka. Mama hulisema hilo kwanza, kabla hujamuuliza, kwa sababu anajua ukimwona kaka utadhani alizaliwa hivyo alivyo. Tulikulia Arumeru, chini ya Mlima Meru, kwenye kijiji ambacho maji yake ni baridi na safi kwa macho. Kaka alipoanza kukimbia na watoto wenzake, magoti yakaanza kuachana, miguu ikapinda kwa nje, na haikurudi tena. Mimi miguu ilinusurika. Nilipata meno ya kahawia, kama ya mtu aliyetafuna tumbaku tangu utotoni. Wataalamu walipokuja kupima, walituambia ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya mlima wetu na kuingia kwenye maji. Wakasema watoto wanyweshwe maji ya mvua. Kaka alikuwa amekwisha kuwa mkubwa.

Kwa hiyo siku niliposikia kwamba hapa Minnesota floraidi inawekwa kwenye maji ya bomba makusudi, nilidhani Kiingereza changu kimenipotosha. Nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha ghala ninalofanyia kazi, Eagan, na televisheni ilikuwa inaonyesha watu wakibishana. Wenzangu nao wakaanza. Mmoja alisema ni sumu, inaharibu akili za watoto, na miji mingine imeshaiondoa. Mwingine akasema huo ni upuuzi, bila floraidi meno ya watoto maskini yangeoza yote. Wote wawili walikuwa na uhakika. Mimi nilifunga mdomo, maana nimezoea kuficha meno yangu mbele za watu.

Jioni hiyo nilimsimamisha binti yangu chini ya taa ya jikoni nikamwambia apanue mdomo. Alikuwa na miaka saba, na meno yake mawili ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yametoka. Nikayamulika kwa simu. Kwenye jino moja niliona vidoa vyeupe, kana kwamba mtu amedondosha chokaa.

Mume wangu ni Mkenya, muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliangalia, akacheka kidogo, kisha akaona uso wangu akaacha kucheka. "Ya huku wanapima," alisema. "Si kama ile ya kwenu. Ni kidogo sana." Tukampeleka mtoto kwa daktari wa meno. Naye alisema hivyo hivyo: vidoa ni vidogo, havina madhara, na maji ya kwetu yalikuwa na madini hayo kwa wingi zaidi kuliko ya hapa. Akaniomba nimwonyeshe meno yangu. Aliyatazama kwa muda mrefu na kwa upole. Niliitikia kila alichosema, na hofu nikarudi nayo nyumbani vilevile.

Mama alipokuja kututembelea, kabla ya baridi kali, sikumwambia chochote. Nilitaka akae kwa amani na mjukuu wake. Lakini Jumapili moja, kanisani kwetu Brooklyn Center, tukiwa tunakunywa chai baada ya ibada, mama mmoja wa Kikongo aliketi karibu naye na kumwambia, kwa nia njema kabisa, "Mama, vraiment, kweli kabisa, chunga mutoto. Huku banatiaka fluor mu mayi."

"Fluor ndiyo nini?"

"Ile ya dawa ya meno. Bazungu banaiitaka jina fluoride."

Mama aliweka kikombe mezani. Chai ilikuwa bado nusu. Tulipoingia kwenye gari, akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na mtoto anayanywa?"

Nikamweleza habari za daktari, na kwamba maji yanapimwa kila siku. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, akiangalia barabara, "Bomba la kwetu lilizinduliwa na watu wa suti. Tuliimba. Kikombe cha kwanza nilimchotea kaka yako kwa mkono wangu mwenyewe."

Mume wangu alizidi kuendesha, na binti yetu akaendelea kuchezea simu yangu kiti cha nyuma.

Tukaanza kununua maji ya chupa. Mama aliuliza yanatoka wapi. Mume wangu, ambaye hajui kudanganya, akasoma maandishi madogo ya ubavuni na kusema haya ni maji ya mji fulani, yamechujwa tu. Mama alishukuru. Tangu hapo nilimwona akishika glasi mara kwa mara, na nikajipa moyo kwamba amekubali. Midomo yake ilikuwa imekauka, ila nilidhani ni joto la hita ndani ya nyumba, kwani hapa wakati wa baridi midomo ya kila mtu hupasuka. Akawa anasinzia mchana. Nikasema ni uzee, na safari.

Jumamosi moja asubuhi binti yangu aliamka akatapika. Akatapika tena. Nilimuuliza amekula nini, akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hajala kitu, amekunywa tu maji ya bibi.

"Maji gani ya bibi?"

Akanyoosha kidole kuelekea chumba cha mama.

Mume wangu alitangulia. Nikasikia akiniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Kuja uone hii maji!"

Nyuma ya pazia, dirishani, kulikuwa na sufuria yetu na mitungi ya plastiki ya maziwa. Maji yaliyokuwa ndani yalikuwa ya kijivu, na chini yametuama mchanga mweusi. Mama alikuwa amekaa kitandani, shali mabegani, anatutazama kama mtoto aliyefumaniwa.

"Ni theluji," alisema. "Theluji ni mvua. Si walituambia maji ya mvua ndiyo salama?"

"Umeitoa wapi, mama?"

Mwanzoni alikuwa akiikusanya kwenye roshani yetu, nyeupe, ikiwa imeanguka sasa hivi. Kisha zikapita wiki bila theluji mpya, akawa anashuka tukiwa kazini na kuchota kwenye kilima kile cha theluji iliyosukumwa na magari ya kusafisha njia, pembeni ya maegesho. Nilikijua kilima hicho. Ndipo inapoishia chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, na mafuta, na kulanti ya kupozea injini inayovuja kwenye magari. Kila anayeendesha gari hapa ameonywa kuhusu kulanti: ni tamu mdomoni, na inaua figo. Niligeuka nikamtazama binti yangu aliyekuwa ameegemea mlango. Miaka yote nimeogopa kitu nisichokiona kwenye maji. Sasa hiki nilikuwa nakiona.

Mume wangu alipiga simu kwa watu wanaoshauri kuhusu sumu. Wakasema tumlete mtoto hospitali mara moja, na tuje na maji yenyewe. Akajaza chupa moja. Nikambeba binti yangu ndani ya blanketi, ingawa alikuwa mzito, ingawa alisema anaweza kutembea. Mama alikuja nyuma yetu bila kufunga koti. Njiani alikuwa akisali kwa Kimeru, maneno yale yale, bila kupumzika.

Walimtoa mtoto damu. Tukasubiri. Sijui kama tulisubiri kwa muda mrefu. Ninachokumbuka ni sauti ya mashine ya soda pembeni na kwamba nilikuwa nahesabu pumzi za binti yangu kifuani kwangu nikipotea hesabu kila mara. Mama alisimama, nadhani alitaka kuja kumshika mkono. Akasema, "Mwanangu, mbona pamekuwa giza?" Akaanguka.

Nilipiga ukelele ambao bado unanitia aibu. Wauguzi walikuja mbio, wakampandisha kitandani, wakamsukuma ndani. Nilibaki katikati ya mlango, mtoto wangu upande huu, mama yangu upande ule, sijui niende wapi. Mume wangu alimchukua mtoto mikononi mwangu. "Enda kwa mathe," alisema. "Niko na yeye."

Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alisema mama amekauka mwilini. Alikuwa akinywa kidogo mno, labda kikombe kimoja kwa siku, na figo zake zimeanza kulalamika. Walikuwa wamemwekea dripu, lakini alitaka pia aanze kunywa. Akaleta maji kwenye kikombe cha karatasi.

Mama alikaza midomo.

"Haya ni ya bomba?" aliniuliza. Sikuweza kusema uongo. Akageuzia uso wake ukutani.

Nikampigia kaka yangu. Kule ilikuwa jioni, akiwa dukani kwake anakotengeneza viatu. Nilimweleza nikilia, maneno yakigongana. Hakuniuliza mengi. "Mpe mama simu," alisema. Nikaiweka kwenye sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na mirija.

"Mama," alisema, "hayo maji unayakataa kwa ajili yangu?"

Mama aliendelea kutazama ukuta.

"Mimi ndiye mwenye miguu hii. Ni mimi ninayeamka nayo. Nimeoa nayo, nimejenga nayo, watoto wangu wananikimbilia nikiwa nayo. Sijawahi kukudai. Sasa nikikwambia kunywa, kunywa. Ukifa huko kwa kiu, ndipo utakuwa umeniumiza."

Nyuma ya sauti yake nilisikia mteja akiuliza bei ya soli. Mama alinyoosha mkono, nami nikamwekea kikombe mdomoni. Alikunywa akiwa amefumba macho, kama mtu anayemeza dawa chungu, na machozi yakamtoka wakati huohuo.

Majibu ya mtoto yalirudi safi. Hakukuwa na kulanti. Ni uchafu tu uliomchafua tumbo. Mama walimlaza kwa siku chache, na figo zikatulia. Akakaa nasi hadi majani yalipoanza kuchipua, akinywa maji ya bomba yaliyochemshwa. Nilimwambia kuchemsha hakutoi floraidi. Alisema anajua, ila moto humpa moyo.

Mimi bado naogopa. Wiki iliyopita mtu mmoja alinisimamisha nje ya maktaba na kuniomba niweke saini ili floraidi iondolewe. Alikuwa na picha ya mtoto anayecheka. Nilimuuliza kama amewahi kumwona mtu aliyeumizwa na floraidi. Akasema hapana, lakini amesoma sana. Nikamuuliza kama amewahi kukesha na mtoto mwenye jino lililooza. Akasema hapana, hiyo pia. Sikusaini. Wala sikumwambia amekosea. Nilimtakia siku njema, nikamshika binti yangu mkono, tukaingia ndani kurudisha vitabu.