Vioo Vilivyofika Geita Vizima

Nilikwenda Geita kwa sababu watu wa Geita walikuwa wamekwisha kutukatia tamaa. Duka la jumla nililofanyia kazi Shinyanga liliuza taa za karabai. Mara mbili tulipeleka mzigo kwenye machimbo ya dhahabu, na mara zote mbili vioo vilifika chenga tupu. Sasa yalikuwa yanakuja maonyesho ya wafanyabiashara kwenye uwanja wa soko la huko. Tajiri wangu, Bwana Salehe, alitaka tukawashe karabai mbele ya watu na kuwagawia wenye maduka vikombe vya kaure vyenye picha ya taa yetu. Alikuwa anafikiria kumwita mfungaji mizigo kutoka Mwanza.

Nikamwambia, "Bwana, acha niufunge mzigo mimi, na niende nao mwenyewe."

Alinitazama. Mimi nilikuwa mjane mwenye binti mmoja, na kazi yangu pale dukani ilikuwa kupanga bidhaa kwenye rafu.

"Mama Zuhura, safari hii vikivunjika, Geita tumeipoteza."

"Najua, Bwana."

Nilifungia nyumbani kwangu Ngokolo, uani, nikiwa nimetandika jamvi. Kila kioo nilikivisha pamba iliyochambuliwa, nikakilaza kwenye sanduku dogo lenye pumba za mpunga, kisha sanduku hilo nikalitia ndani ya lingine kubwa na kushindilia majani makavu katikati. Vikombe nilivisimamisha kwa ubavu. Watu huvipandanisha, na hapo ndipo vinapoumizana. Nilipomaliza nililitikisa kila sanduku huku nimelitegea sikio. Lililolia nililifungua na kulifunga upya.

Asubuhi ya safari lori lilikuja kunichukua. Dereva alikuwa Masanja, Msukuma wa Nyahanga, mcheshi, lakini mwenye mguu mzito kwenye mafuta. Alipoona ninavyosimamia upakiaji alicheka, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, umefunga taa au umefunga watoto wachanga?"

"Endesha kama ni watoto wachanga," nikamjibu.

Tulifika Nyahanga jua likielekea kuzama, nguo zetu zimegeuka rangi ya barabara. Tulilala nyumbani kwa Masanja. Wingu lilikuwa limefunga upande wa magharibi, nikaomba masanduku yaingizwe ndani. Mkewe, Mama Kulwa, alitupisha chumba cha mbele bila kinyongo. Alipoleta ugali na maziwa ya mgando aliyatazama masanduku yaliyojaza chumba, akauliza, "Na hawa wageni wengine hawali?" Tulicheka mpaka Masanja akapaliwa.

Kesho yake tulipita Runzewe, na mbele yake, kwenye bonde, safari ikasimama. Mvua ilikuwa imekula daraja la magogo. Mengine yamelegea, mengine yameteleza upande mmoja.

Masanja alishuka, akakanyagakanyaga, akarudi. "Nitapita kwa kasi. Tukienda polepole tutazama."

"Pita. Lakini masanduku hayapiti na wewe."

"Mama, nani atayabeba? Tuko porini hapa!"

Hatukuwa porini. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na watu wanalima. Nilivuka kwa miguu, nikawasalimu, nikawaeleza shida yangu. Wakakata miti miwili mirefu, wakaifunga kwa kamba ikawa machela, kama ile ya kubebea mgonjwa, na wakaanza kuvusha sanduku moja moja, taratibu, mimi nikitangulia kuwaonyesha pa kukanyaga.

Mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli aliuona msafara ule. Akashuka, akavua kofia, akasimama kando ya njia kichwa kimeinama. Tulipomfikia alinong'ona, "Poleni sana. Ni nani?"

"Ni vioo, baba," nikasema.

Wabebaji walicheka nusura waangushe sanduku, nami nikawa napiga kelele na kucheka kwa pamoja. Sanduku la mwisho lilipovuka, Masanja alilivusha lori kwa kasi. Katikati ya daraja gogo moja lilititia, gurudumu la nyuma likadumbukia na kutoka kwa kishindo ambacho kilifyatua mlango wa nyuma ukafunguka wote. Masanja aliposimama upande wetu alikuwa anatweta. Aliyatazama masanduku yaliyotulia majanini, kisha akanitazama mimi.

"Wabeja, mayu," akanishukuru kwa sauti ya chini. Tangu hapo mguu wake ulikuwa mwepesi.

Geita tuliisikia kabla ya kuiona, mitambo ya kusaga mawe ikinguruma ng'ambo ya kilima. Mji ule ulijaa watu wa kila kabila, na kila mtu Kiswahili chake. Uwanjani tulipokewa na Mzee Abdalla, mwenye duka kubwa kuliko yote, yule yule aliyerudisha mizigo yetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniletea chenga tena?"

"Kaa uone."

Alivuta kiti. Wenye maduka wengine wakatuzunguka. Nilifungua masanduku mbele yao, moja baada ya jingine, nikapangusa pumba na kumkabidhi kila kioo mkononi. Alikigonga kwa kucha, akasikiliza, akakiweka mezani. Kikombe kimoja kilikuwa kimekatika mkono. Nilikiweka mbele ya macho yao. Kioo hakikuvunjika hata kimoja.

Jioni tuliwasha karabai zote. Uwanja ukawa mweupe, na umati ukaguna kwa mshangao. Mchimbaji mmoja, matope bado yako magotini, akaniuliza, "Dada, na mimi nikiiangusha?"

"Usiiangushe, kaka. Mimi nimeitoa Shinyanga haijaanguka."

Wakapiga makofi. Mzee Abdalla akasema atauza karabai zetu, ila kwa sharti moja: "Afunge huyu mama."

Tuliporudi, Masanja alisimulia habari ya daraja kila tuliposimama, na kila mara bonde likazidi kina. Mimi nilimwachia asimulie, nimejaa furaha. Nilikuwa nimejifunza kwamba mfungaji lazima aifikirie barabara yote tangu yuko uani kwake, na kwamba mahali pengine hakuna namna ila kushuka na kuomba mabega ya watu.

Kwa mzigo uliofuata, Bwana Salehe alimleta fundi wa rangi aandike juu ya masanduku: KIOO, na chini yake jina la mfungaji.

"Aandike Mama Zuhura?" akaniuliza.

"Hapana, Bwana," nikasema. "Aandike jina langu mwenyewe: Salma binti Rajabu."