Siku Baba Mdogo Leonsi Aliposema "Nilimfata"

Mwaka ule Eliana alipokwenda Bujumbura kusoma, kwao Rumonge, mji wa kando ya ziwa, hapakuwa na neno la Kiswahili lililotosha kutaja kile alichokwenda kusomea. Kwa Kifaransa kilikuwa na jina zuri, criminologie, jina lenye kunukia chuo kikuu. Lakini mama yake, Mwalimu Jovita, alipoulizwa sokoni alilitafsiri kwa unyofu wa mwalimu: "Anasomea uhalifu na kazi ya polisi." Wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakaushika uhalifu, kazi ya polisi wakaiacha ianguke chini.

"Ee, Mwalimu!" alisema Agata, mwenye meza karibu na mlango wa soko. "Wezi wetu hapa hawakumaliza hata darasa la sita na wanaiba vizuri tu. Huyu mutoto wako ataiba nini na miaka yote ile ya université?"

"Ataiba maneno yako, Agata, ayapeleke kwa procureur mahakamani."

Watu wakacheka, Agata akacheka kuliko wote, na Jovita akaondoka na kapu lake, shingo wima kama kawaida yake.

Shingo ile ilikuwa na sababu. Yeye na mumewe, marehemu Mwalimu Dismasi, walirudi kutoka Katumba, Tanzania, walikokulia ukimbizini, wakiwa na masanduku mawili na jina lao. Waliowakuta hapa waliwaita Watanzania, na mtu aliyerudi hupimwa mara mbili: kwanza kama jirani, kisha kama mgeni. Dismasi alifundisha mpaka alipofariki, na katika miaka yote ile hakuna mtu wa nyumba yake aliyewahi kuitwa mbele ya afisa yeyote. Jovita aliilinda sifa hiyo kama mtu anavyokinga moto wa kuni siku ya upepo.

Baba alipoondoka, nafasi yake ilichukuliwa na mdogo wake, Leonsi, aliyekuwa na michikichi yake Kizuka. Ndiye aliyembebea Eliana godoro mpaka kituo cha basi siku ya kwanza ya chuo, akilikataza kundi zima la makondakta lisiliguse. Warundi wa mwambao huchanganya Kirundi, Kifaransa na Kiswahili katika pumzi moja, lakini Leonsi hakuchanganya. Kiswahili chake kilibaki kile cha Katumba. Eliana alipokuwa akirudi likizo, basi likipita Muhuta, ziwa likiwa upande wa kulia limetulia kama mafuta, alikuwa akijua kwamba hajafika nyumbani mpaka aisikie sauti ile ikiita: "Haya, askari wetu, mmemkamata nani huko?"

Jioni Leonsi alimtaka ampe somo. Eliana alimfundisha kusoma nyayo: hatua ya mwenye haraka, ya mwenye mzigo, ya aliyegeuka kutazama nyuma. Mzee akawa anatembea kwenye udongo mbichi nyuma ya jiko, mara kwa viatu, mara peku, mara akijifanya kilema, huku Jovita akilalamika dirishani kwamba watu wazima wanachezea matope. Siku moja alipita kinyumenyume. Eliana alipomgundua, mzee alipiga makofi kana kwamba ni yeye aliyeshinda.

Chuoni alikuwapo profesa mmoja, mama mfupi mwenye sauti ya chini, aliyewaambia wanafunzi mambo mengi, na mawili hayakumtoka Eliana kichwani. La kwanza: maneno ya anayehojiwa ni yake, usimvalishe yako. La pili: mwenye undugu na mshukiwa hutoka chumbani, hata kama ndiye pekee anayeujua ukweli. Darasa zima liliandika. Siku ile ilionekana ni rahisi.

Mwaka wa mwisho Eliana alipelekwa kufanya staji, mazoezi ya kazi, katika kituo kimoja cha polisi cha mwambao, si mbali na nyumbani. Aliwekwa kwenye benchi pembeni, asikilize na kujifunza. Mhoji alikuwa afisa Venanti, mtu wa mkoa wa Ngozi, mpole, aliyejifunza Kiswahili ukubwani kwa kusikiliza watu mjini.

Asubuhi moja mlango ulifunguka, akaingizwa Leonsi.

Ramazani, mfanyabiashara wa mawese, alikuwa ameokotwa alfajiri ya jana yake kando ya njia itokayo kwenye kinu cha kukamulia, kichwa kimepasuliwa, baiskeli na madumu yake hayapo. Yuko hospitali, hajaweza kusema. Na watu walimwona Leonsi akienda nyuma yake jioni iliyotangulia, jua likizama.

Eliana alisimama nusu, akakaa tena. Venanti alikwisha kuanza.

"Mzee, ulimuona Ramazani ile jioni?"

"Nilimwona. Aliondoka kinuni, nami nikamfata."

Venanti akainua kichwa. "Ulimufata?"

"Ndiyo. Nilimfata mpaka karibu na daraja, nikampata pale."

"Na unakubali hivyo, bila mutu kukulazimisha?"

"Nikatae nini? Nimesema nilimfata. Hakuna siri."

Eliana alisikia maana mbili. Katumba, kumfata mtu ni kwenda nyuma yake, basi. Lakini Venanti alikuwa akisikia kwa sikio la Kirundi, na kwa Kirundi gufata ni kukamata, kutia mikononi. Leonsi alikuwa akieleza mwendo. Venanti alikuwa akisikia kukiri. Na kwa kuwa mzee hakuwa na la kuficha, kila alipoulizwa alilirudia neno lile kwa nguvu zaidi, akijifunga mwenyewe.

Eliana angeweza kusema pale pale. Neno moja tu. Lakini kesho Rumonge nzima ingesema: mtoto wa ndugu yake alimtafutia maana mpya ya neno. Na Leonsi angetoka akiwa na doa ambalo hakuna sabuni ya kulitoa.

Akasimama. "Chef, huyu ni baba yangu mdogo, ndugu ya baba yangu. Siwezi kubaki humu."

"Eliana?" Leonsi akamtazama kana kwamba amemwona mtu anayefanana naye.

"Kabla sijatoka naomba kitu kimoja, ambacho ningemuombea mushukiwa yeyote. Atafutiwe mukalimani asiye wa kwetu. Na aonyeshe kwa mwili alichofanya, asiseme kwa mudomo tu."

Akatoka bila kugeuka, kwa sababu angegeuka asingetoka.

Nje, Jovita alikuwa amefika, na nyuma yake nusu ya soko. "Umetoka nje kufanya nini?"

"Nimejitoa, mama."

"Umejitoa!" Sauti ya mwalimu haikuhitaji kupandishwa ili isikike. "Mutu aliyekubebea godoro mugongoni iko ndani peke yake, na wewe umejitoa. Nilikusomesha ili umukane mbele ya watu?"

"Yaliyosemwa mule ndani siwezi kuyatoa nje. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba neno likupendalo hubaki tumboni."

"Hilo nilikufundisha kwa umbea! Si kwa damu!"

Walisimama bega kwa bega, kila mmoja akitazama upande wake.

Venanti hakuwa mtu wa majivuno. Alimwita mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka shule ya jirani, akamtoa Leonsi uani. "Mimi ni Ramazani," alisema. "Natoka kinuni. Fanya ulivyofanya." Akaanza kutembea. Leonsi akamtazama akienda, kisha akakaza mwendo nyuma yake, mkono juu. "Ramazani! We Ramazani! Koti lako!" Alipomfikia akampa hewa kana kwamba ni koti lililosahauliwa kinuni, akamgusa bega kwa kuaga, akarudi alikotoka.

Watu waliokuwa wakichungulia juu ya ua wa nyasi walianza kucheka. Mwalimu mkalimani akamnong'oneza afisa neno moja la Kirundi.

"Gukurikira!" Venanti akajipiga paji la uso. "Mzee, kumbe ulimukurikira tu!"

"Si ndiyo nimesema tangu asubuhi? Nilimfata!"

"Yampaye Imana, Mungu wangu! Usimufate mutu tena mzee, hata mimi."

Kucheka hakukumfungulia mlango siku ile. Lakini sasa yaliulizwa maswali ambayo hayakuulizwa kwanza, na wanawake wa kinuni walisema walimwona akirudi mikono mitupu, wakakamua naye mpaka giza. Siku ya tatu Ramazani alipata sauti, akasema mtu wa mwisho kumtendea wema alikuwa Leonsi. Waliompiga hawajajulikana hata leo.

Leonsi alirudi akiwa na ndevu na njaa. Jovita alimpakulia ugali na samaki wa mukeke, akampita Eliana kama anayepita kiti. Mzee alikula, akanawa, ndipo akasema:

"Shemeji, nilimchukia huyu mtoto usiku wa kwanza. Wa pili nikafikiri. Angebaki mle akinisemea, ningetoka, lakini ningetoka kwa dirisha. Sasa nimetoka kwa mlango, na Ramazani mwenyewe ndiye aliyeufungua."

Jovita aliichukua sahani ya samaki, akaisogeza mbele ya Eliana.

Sasa Eliana ana kazi yake Bujumbura, huwafundisha polisi wapya kuhoji watu, na Leonsi amelala kaburini Kizuka, karibu na michikichi yake. Hakuna tena anayemwita askari wetu. Kwenye mikutano Eliana husikia Kiswahili cha kila namna, na bado sikio lake humtafuta mzee yule katikati ya sauti. Akikumbuka miaka ile ya chuo, siku ya diplome humjia kwa mbali tu, joho na picha. Kinachomjia karibu ni Jumapili ile baada ya Leonsi kuachiwa.

Misa ilipokwisha, Jovita hakushika njia ya nyumbani. Alimweka Leonsi kulia kwake na Eliana kushoto, akapita mbele ya kituo cha polisi, akakata kona ya soko, akaingia barabara kubwa, polepole, akisimama kwa kila mlango.

"Mwalimu!" Agata aliita. "Leo mumepotea njia?"

"Hatujapotea," Jovita alisema. "Tunasalimia watu."