Chapati Iliyokuwa Mkono wa Bi Nahla

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mkaa, Mzee Khatib hunyoa vinywele vya malaika vya mkono wake wa kushoto kwa kisu alichokimaliza jana. Kikipita bila kukwaruza, hukitundika ukutani. Kikikwaruza, hurudi kwenye kinoo. Kwa hiyo mkono wake wa kushoto ni laini kama wa mtoto mchanga, na wa kulia umeota nywele kama kumbi la nazi.

Kiwanda chake kiko Jadida, uani kwake, jirani na kwetu. Visu hufua kwa springi za gari zilizokatika. Anayetaka kisu cha kawaida huchagua ukutani akenda zake. Anayetaka cha kuagiza hupewa kwanza donge la unga wa ngano alibane vile anavyoshika kisu akiwa kazini. Mzee Khatib hukaa na donge hilo siku mbili tatu, akichonga mti wa mpera mpaka mpini ufanane nalo. Unga hutoka jikoni kwa mkewe, Bi Ummkulthum, ambaye husema kwamba tangu aolewe, nusu ya unga wake umefinywa na watu asiowajua.

Mwaka jana kijana mmoja, Ashraf, alifungua duka barabarani. Visu vyake vilitoka kiwandani kwenye maboksi, vyote sawasawa, na alikuwa na kimashine cha kuandika jina la mnunuzi kwenye bapa. Mlangoni alitundika kibao: VISU VYA KUAGIZA. Mzee Khatib alikisoma kibao akienda sokoni, akakisoma tena akirudi. Jioni alimwambia mkewe kwamba hata kitambulisho chake kina jina lake, lakini hajawahi kupimwa mkono ili kitengenezwe.

Ikatokea kikundi cha kina mama wakata pweza kinahitaji visu ishirini. Kiongozi wao, Bi Nahla, aliwataka mafundi wote wawili wamletee kisu kimoja kimoja, cha kuagiza, chake yeye; kitakachompendeza ndicho kitakachompa fundi kazi yote. Mzee Khatib alijua akishindwa hapo atafunga kiwanda. Binti yake wa Micheweni alishamwandalia kazi ya kuanika mwani.

Bi Nahla akaja, akabana donge. Mzee Khatib, kwa kuwa huyo si mkewe, alitazama mivukuto ya moto muda wote kwa heshima. Kisha akalifunikia donge bakuli, akaenda kuswali adhuhuri. Nyuma yake wakaingia wageni kutoka Pujini, chapati zikapungua, na Bi Ummkulthum akafunua bakuli.

Mzee Khatib aligundua baada ya kushiba. Kumwendea mwanamke wa watu kumwambia mkono wako tumeukaanga, aliona haya. Mkewe na Bi Nahla wana umbo moja, basi akamwomba mkewe abane donge jipya, akachongea hilo.

Siku ya majaribio kina mama walikaa na pweza wao, nasi majirani tukasimama. Kisu cha Ashraf kilikuwa na jina la Bi Nahla na maua mawili. Kilikata vizuri. Kikapita mkono kwa mkono, na kila aliyekishika alikata vizuri, hata Ashraf mwenyewe.

Bi Nahla akachukua cha Mzee Khatib kwa mkono wa kushoto, maana yeye ni wa kushoto. Makali yakatazama juu. Akakigeuza, yakamtazama yeye. Kina mama wakacheka mpaka pweza mmoja akaanguka mchangani.

"Mzee Khatib," alisema Bi Nahla, "hiki umekipima kwa nani?"

"Kwa mke wangu."

"Na donge langu?"

"Tumelila."

"Nani alolila?"

"Mie. Lilikuwa na mchuzi wa kamba."

Hapo Bi Ummkulthum, aliyekuwa amejificha nyuma yetu, akajitokeza akakichukua kisu. Hakuwahi kuwa na kisu cha mumewe kilichopimwa kwake. Alimkata pweza mzima kabla wenzake hawajamaliza kucheka, kisha akakitia ndani ya kanga na kukataa kukirudisha. Kina mama wakajaribu kukiazima. Mmoja alipewa akakishika, hakikumkaa mkononi, akakirudisha mwenyewe.

Bi Nahla akamgeukia Mzee Khatib. Akasema atabana tena, na wenzake wote watabana, ila safari hii unga utiwe majivu. Ashraf naye akafuta kibao chake, akaandika kwamba anaandika majina.

Juzi nilipeleka sufuria ya Bi Ummkulthum, nikamkuta Mzee Khatib peke yake, na madonge kumi na tisa yamepangwa juu ya ubao, la ishirini liko pajani kwake. Nilikuwa na swali moja tangu siku ile, nikamuuliza: kisu cha kuagiza hasa ni kipi?

Akaendelea kuchonga.

"Ni kile ambacho jirani akikiazima, kesho yake anakirudisha bila kudaiwa."