Tando za Muthoka Juani

Muthoka hapendi kuulizwa anafanya kazi gani. Akisema ni fundi wa maabara chuoni, anaulizwa kupima malaria ni pesa ngapi. Akijaribu kueleza kwamba anatengeneza utando wa plastiki iliyochanganywa na unga laini wa madini, utando unaopitisha kabonidayoksaidi na kuzuia gesi inayowaka, watu humwangalia kwa huruma. Siku hizi hunyamaza tu, na kunyamaza huko ndiko kulikomponza.

Kahin, mwenye kichinjio kule Athi River, huzalisha gesi kutokana na samadi na uchafu wa matumbo. Gesi hiyo imejaa kabonidayoksaidi, kwa hiyo jenereta yake hukohoa kidogo kisha huzima, naye hulazimika kuwasha ile ya dizeli. Alikubali kujaribu tando za Muthoka Jumatatu, kwa mara ya mwisho. Zikishindwa, kazi ya miaka minne imekwenda na maji.

Unga uliobaki ulitosha tando tatu tu. Na chuo, bila haya, kikaamua wiki hiyohiyo kupaka maabara rangi kwa ajili ya mahafali! Muthoka akahamisha vioo bapa anavyotandazia tando zake hadi ploti ya vyumba vya kupanga anakoishi Mumbuni, akamwaga mchanganyiko juu yake na kuvifunika ndani ya stoo, ili tando zikauke polepole.

Jumapili alipotoka kanisani alivikuta uani, vimepangwa juu ya gunia kando ya mbaazi za Wangui, mama yake Jeremy na mwenye ploti.

"Nimekuanikia," Wangui alisema kwa furaha. "Hizi vitu zako zilikuwa bado mbichi. Zingeoza huko kwa stoo."

Jua lilikuwa limezikausha kwa pupa. Zilitoka viputo, viputo vikapasuka, na Muthoka alipoinua mmoja kwenye mwanga aliona matundu kama ya sindano. Hapo gesi zote zingepita bila kubaguliwa.

"Nani alikutuma, Mama Jeremy? Nani?" alifoka.

"Si ungeniambia ni nini! Mimi nilidhani ni gundi."

Ukweli huo ulizidi kumchemsha. Alimpigia Kahin simu kumweleza, akiwa amejiandaa kutukanwa.

"Pole, ndugu yangu," Kahin alisema kwa upole. "Usijali kabisa. Dizeli ya mwezi ujao nilishanunua wiki iliyopita."

Heri angemtukana.